Khanga Yangu na Gari Namba Sifuri

Watu wa mtaa wetu wa Mkuyuni wameshaisikia habari hii nusu nusu, kila mmoja akiongeza chumvi yake, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe niaibike mara moja yaishe: mimi ndiye niliyefanya kundi zima la wazazi kutoka Mwanza lifukuzwe kwenye mashindano ya magari kule Naivasha, Kenya, kabla mashindano yenyewe hayajaanza.

Shule ya mdogo wangu Mage iliandaa safari ya mzazi na mtoto. Sisi wazazi wetu walifariki tukiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, mimi nikiwa kidato cha pili, nikaacha shule, tukavuka ziwa kuja Mwanza mjini, nikauza mitumba na kuwalea wadogo zangu watatu, na Mage ndiye kitinda mimba, ana miaka kumi na minne. Mtoto huyu na magari, sijui alirithi kwa nani. Alitaka kitu kimoja tu, kumwona kwa macho yake dereva wa kike wa gari namba ishirini na moja, ambaye picha yake ameibandika juu ya kitanda. Basi nikaenda kama mzazi.

Tulipovuka mpaka pale Sirari, Mzee Karim, muuza vipuri aliyekuwa na mjukuu wake na ndiye msimamizi wa safari, alisimama ndani ya basi akauliza nani amewahi kuhudhuria mashindano ya magari. Kulikuwa na muuguzi, mhasibu, mwalimu wa hesabu, wote mikono mapajani, na mimi ambaye kwenye vikao vya shule hukaa nyuma kabisa nisije nikaulizwa kitu, nikashtukia mkono wangu uko juu.

"Mara ngapi, mama?"

"Mara mbili." (Hiyo mbili hata sijui niliitoa wapi.)

Mage alinigeukia kwa mshangao, nikamfinya paja. Mzee Karim akafurahi, akatugawa makundi mawili, moja akaliongoza yeye na jingine, watu kumi na wawili pamoja na yule mwalimu wa hesabu, akanikabidhi mimi.

Asubuhi yake, tukinywa chai Naivasha, Mage akaniambia, "Dada, ngoja nikueleze yanavyokwenda." Nikamwambia anywe chai yake.

Jamani, mimi nilidhani magari yatapangwa mstari mmoja, filimbi ilie, yatimke pamoja, anayefika kwanza ndiye mshindi. Badala yake tulikuta barabara tupu ya vumbi, kamba, na watu wamekaa mlimani kama wanasubiri mazishi. Tukakaa na sisi. Mwalimu akauliza, kiongozi, wanaanzia wapi, nikasema mtaona. Muuguzi akauliza wanaishia wapi, nikasema mtaona pia. Jua likapanda, na mimi nilikuwa sielewi hata tunatakiwa kutazama upande gani.

Mara likaja gari moja, taa zinamulika juu ya paa, king'ora kinalia, vumbi nyuma kama moto wa nyasi. Nikatazama lilikotoka: hakuna kitu. Nikawatangazia watu wangu kwamba huyu kawaacha wenzake mbali sana, mshindi ndiye huyu. Mage akanivuta mkono akisema "Dada, siyo," lakini nilishainuka. Kwetu mshindi hutuzwa, hata kwenye ngoma mtu akicheza vizuri unaingia uwanjani na vigelegele unamvisha khanga begani, sasa ningekaaje tu? Nikapiga vigelegele, kundi zima likaitikia, mwalimu wa hesabu akirukaruka, na gari lilipopunguza mwendo kwenye kona nikairusha khanga yangu.

Nilikusudia iangukie boneti. Upepo ukaipeleka kwenye kioo, mbele ya uso wa dereva. Gari likayumba, likakata kamba, likasimama kichakani. (Hakuumia mtu, namshukuru Mungu hadi leo.) Akaja msimamizi mmoja wa mashindano mwenye kizibao cha njano, khanga yangu mkononi.

"Mama, hii gari haishindani na mtu. Ni namba sifuri, inaangalia tu kama barabara iko sawa."

Akaniuliza niko na nani. Kabla sijajibu, watu kumi na wawili walikuwa wameshanitazama mimi, kwa hiyo tukaondolewa wote, tukapita mbele ya kundi la Mzee Karim tukiwa mstari mmoja, hadi nyuma ya kilima, karibu na vyoo, ambako hakuna unachoona isipokuwa vumbi juu ya miti.

Ndipo mashindano yakaanza. Mage alikaa chini, akafumba macho, akawa anahesabu kwa sauti kila mngurumo uliopita. Alipofika ishirini na moja akanyamaza mpaka ule mlio ulipopotea kabisa.

Nikamwambia sijawahi kuona mashindano ya magari maishani mwangu, na kwamba nimemkosea. Sikuwa nimewahi kumwomba mtoto huyu msamaha kabla ya siku hiyo.

"Najua hujawahi," alisema. "Ungewaambia tu kwamba mimi ndiye ninayejua."

Mwezi uliopita kwenye kikao cha wazazi waliniuliza maoni yangu kuhusu mambo ya masomo ya sayansi. Nilisimama nikasema hayo siyajui, muulizeni Mage.