Mlango Uliotoka Mtoni

Cheka ukitaka. Mume wangu anacheka hadi leo. Lakini haya niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, hapa hapa Hail, Oman, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Jirani yangu Bi Nafisa ni Mnubi wa Sudan, wa ukingo wa mto Nile. Kijiji chao kilizama alipokuwa msichana, lilipojengwa bwawa kubwa. Mumewe alikuja Oman kusomesha, Mungu amrehemu, nao wakabaki. Sebule yake kaigeuza makumbusho. Usidhani ni vitu vya kutupia rafuni tu! Kuna makawa ya kufunikia chakula, ya ukindu wa rangi, ambayo sijaona mfano wake hata Unguja kwa bibi zangu. Kuna ala ile ya nyuzi tano ambayo sisi Waswahili tunaiita kinubi, wala hatujiulizi jina limetoka wapi. Na kuna mlango. Watu wa kijiji waling'oa milango yao kabla maji hayajafika, wakahama nayo. Wa kwao ameukandika ukutani, na pembeni yake amepachika sahani za kauri, kama nyumba za kwao zilivyopambwa. Nyuma yake hamna kitu ila ukuta wa saruji. Mtu mmoja kubeba mji mzima mpaka huku, si mchezo.

Siku hiyo nilimpelekea mkate wa kumimina. Ikaadhiniwa alasiri.

"Nisubiri humu, binti yangu," akanambia kwa Kiarabu chake cha Kisudani. "Naswali, halafu tunywe chai."

Nilikuwa nimekiinamia kinubi niliposikia nguo ikiburura sakafuni. Nikageuka. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, kavaa lile vazi jeusi la Kinubi lenye mkia mrefu nyuma. Nikadhani ni mgeni wa nyumba.

"Maskagna," akanambia. Salamu hiyo naijua, Bi Nafisa kanifunza. Yaliyofuata yalikuwa Kinubi kitupu, lugha nisiyoijua, na niliyafahamu yote. Utanieleza vipi hilo?

"Nani kaufunga mlango wangu?"

"Haufunguki, bibi," nikamjibu kwa Kiswahili. "Nyuma yake ukuta."

Akacheka. Hapo ndipo nilipoona upindo wa nguo yake unachuruzika maji. Akatoa ufunguo wa mti wenye meno, akautia, na mlango ukafunguka.

Niamini. Niliona ua wa mchanga uliofagiliwa, kuta nyeupe zilizochorwa ndege na miezi, mitende, na mbele yake mto, mpana, umetulia. Harufu ya mkate wa moto ikanijia. Sijapata kuona pahala pazuri kama pale. Akanishika mkono wa kulia.

"Karibu ndani. Watu wote wapo."

Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa. Niliinua mguu niingie.

"Wewe! Una nini?"

Sauti ya Bi Nafisa, nyuma yangu. Yule mwanamke akamtazama kwa juu ya bega langu, akatabasamu tabasamu ambalo sitalisahau. Kisha nikajikuta nimekandamiza paji la uso kwenye mbao, mlango umefungwa, na sakafu imelowa kutoka katikati ya chumba hadi ukutani.

Nikamsimulia yote. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ana mwanya?"

"Anao. Na chale tatu kila shavu."

Akakaa chini palepale. "Mama yangu. Siku ya kuhama aliufunga mlango huu kwa mkono wake, ndipo wanaume wakaung'oa. Mwaka haukuisha akafa, tukamzika na ufunguo wake. Umri wote huu namsubiri mimi, kaja kumtokea jirani!" Akawa analia na kucheka pamoja. Akachovya kidole kwenye yale maji, akaonja. "Si ya bahari haya," akasema, akajipangusa nayo uso.

Tangu siku ile mkono wangu wa kulia hauna joto. Madaktari wameupima, hawakuona kitu. Julai, watu wanaposhika usukani wa gari kwa leso, mimi naushika kwa mkono huu mtupu, nao u baridi vilevile.

Makumbusho yale nenda ukayaone, tena nenda na wanao, wajue watu wale walikuwa nani. Ila usikubali kubaki peke yako humo. Na ukikaribishwa kwa sauti tamu, itikia, lakini usinyanyuke ulipokaa.

Bi Nafisa hasikii la mtu. Kahamishia kitanda chake sebuleni, kakiweka mkabala na mlango. Kila asubuhi mimi humgongea, na kabla hajaitikia, macho yangu huwa kizingitini, nikitazama kama pana maji.