Darubini Niliyoifunga Kotile

Usiniambie nilikuwa na usingizi, wala usiniambie jua lilinichoma kichwa. Hayo nimeshaambiwa, na walioniambia hawajawahi kukanyaga Kotile. Darubini ile niliifunga mimi kwenye bunduki kwa mikono hii unayoiona, na kilichoonekana ndani yake nilikiona mimi. Ukitaka kucheka, cheka, lakini ngoja kwanza nimalize.

Miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, nilikuwa fundi wa bunduki pale Garissa, katika ofisi ya afisa wa wanyama. Alikuwa Mzungu mmoja aliyebaki baada ya uhuru, tukimwita Bwana Nyama kama maafisa wa kazi hiyo walivyoitwa kila mahali. Kwetu ni Taita. Nilikuja Garissa kutafuta kazi, nikaipata, na tangu siku ile hadi naondoka sikuwahi kuambiwa ahsante.

Kukatokea simba upande wa Kotile, kule kwenye miti ya mikoma inayoteremka hadi Mto Tana. Alishakula mzee mmoja na binti mmoja, wote wakiwa njiani kwenda majini. Sasa elewa hali ilivyokuwa. Kwa ajili ya vita, wanajeshi waliwafungulia wafugaji njia ya mto jioni tu, kipande kidogo kabla ya kafyu. Nje ya saa hiyo, ukionekana mtoni wewe ni shifta, unapigwa risasi. Simba naye alishajifunza saa. Watu wakawa wanaogopa kushuka, ng'ombe wanalia kwa kiu usiku kucha, na hakuna mfugaji aliyeruhusiwa kushika bunduki. Bunduki moja tu ingelia kule bila kuleta balaa, nayo ni ya ofisi yetu.

Bwana Nyama akataka bunduki ifungwe darubini, maana saa ile ya magharibi macho matupu hayaaminiki na kioo kizuri hukusanya mwanga. Hapo tulikubaliana. Tulipogombana ni darubini ipi. Yeye alikuwa na moja ameinunua Nairobi, nene kama chupa ya chai, inavuta vitu vya mbali sana. Nikamwambia, bwana, hii ni ya mtu anayewinda uwandani. Kwenye kichaka simba anatokea karibu, na ukimtazama na hii utaona manyoya tu, hujui ni bega au ni mkia. Halafu kwa unene wake lazima ikae juu, shavu haligusi kitako cha bunduki, shingo inaning'inia. Unafikiri alisikia? Akaniambia nifunge nilichopewa. Nikafunga. Akapiga risasi ya kujaribu, bunduki ikarudi nyuma na ukingo wa darubini ukampasua nyusi. Lawama zikaja kwangu.

Basi akaniachia nichague. Nikachukua ile ndogo ya zamani iliyokuwa kabatini, isiyovuta sana lakini inayokuonyesha uwanja mpana. Kikalio chake, kile chuma kinachoishika juu ya bunduki, nikakisafisha kwa petroli hadi mafuta yakatoka yote, kwa sababu skrubu yenye mafuta haishiki. Nikakaza skrubu moja, nikahamia ya upande wa pili, hivyo hivyo kidogo kidogo. Nikaacha nafasi ya vidole vinne kati ya kioo na jicho, nikaning'iniza uzi wenye jiwe ili msalaba wa kulengea ulio ndani usilale upande. Mwisho nikazipaka skrubu gundi ya mgunga, maana barabara ya kwenda Kotile ingetikisa hata meno. Nikajaribu kwenye debe. Risasi zikapita karibu tundu moja. Nasema haya yote ili usije ukaniambia sikuifunga vizuri.

Bwana Nyama akawa na jicho limevimba, akanituma mimi. Nilipanda msafara wa magari ya jeshi, nikashushwa Kotile na kukabidhiwa kwa koplo wa kituo, mtu wa bara asiyecheka. Koplo akanipeleka kwa mwanamke mmoja, Habiba, ambaye boma lake lilikuwa la mwisho kabla ya njia ya mto. Angenipa chai na mahali pa kuweka mzigo.

Habiba alikuwa mama wa makamo, mrefu, asiye na maneno mengi. Mumewe, Dagane, alikuwa ametoka nyumbani zaidi ya nusu mwaka kufuata mitamba iliyopotea, hakurudi. Koplo aliamini ameingia msituni na shifta, na kila wiki alikuja kumwuliza maswali yale yale. Binti aliyeliwa na simba alikuwa mtoto wa dada yake Habiba.

"Fundi, kunywa chai," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Ukibiga hiyo simba, watu wote hapa watakuombea Mungu. Ng'ombe yangu mbili imeanguka jana."

Jioni ya kwanza nikalala kifudifudi kwenye ukingo, upepo unanijia usoni. Ng'ombe walikuwa wamezuiwa nyuma. Simba akatoka. Dume, kijivu, shingo nene, bega la kushoto limeshuka kidogo. Nilimwona kwa macho yangu mawili, umbali wa kurusha jiwe. Nikaweka jicho kwenye darubini.

Ndani ya kioo kulikuwa na mtu.

Niamini. Mwanamume amechuchumaa majini, amejifunga kikoi kilichokunjwa hadi magotini, anateka maji kwa kiganja na kunywa. Kiunoni amechomeka kijiti kifupi. Nikainua kichwa: simba anakunywa. Nikarudisha jicho: mtu. Alichomoa kile kijiti, akajisugua nacho kisogoni polepole kama mtu anayewashwa, kisha akageuka akatazama palepale nilipolala. Kidole changu kikakataa kuvuta. Nilipoinua kichwa tena simba alikuwa ameshapanda ukingo na kupotea.

Sasa mtu mwingine angekimbia. Mimi nilikasirika. Fundi anapoona kitu hakiko sawa anajua kuna kilicholegea, na niliapa ni kioo. Nikarudi bomani nikaifungua darubini, nikaifuta, nikaipulizia, nikaifunga upya. Asubuhi nikamtazama mbuzi: mbuzi. Nikamtazama koplo: koplo, na uso wake uleule. Nikaomba ruhusa nikapiga risasi moja kwenye debe: katikati. Kila kitu duniani kilikuwa sawa ndani ya ile darubini. Nikajiambia kazi imekwisha.

Jioni ya pili, simba kwa macho, mtu kwa kioo. Yule yule, na bega lake la kushoto limeshuka. Nilibadilisha jicho, nikatumia la kushoto. Nikafunga yote mawili nikahesabu, nikafungua. Mtu. Nilitaka kulia kwa hasira. Unaweza kusema, si ungepiga tu kwa macho matupu? Na kama macho ndiyo yanayodanganya? Wewe ungevuta?

Koplo hakutaka kusikia habari za vioo. Alinijia nikiwa nakunja turubai langu.

"Kesho jioni ndiyo mwisho," akasema. "Asipokufa, njia ya maji inafungwa, na watu wote wa hapa tunawapakia kupelekwa mjini."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe si kazi yangu."

Habiba alisikia. Usiku ule watu wa maboma mengine walikuja kukaa kwake, wakazungumza kwa Kisomali kwa sauti za chini, na kila mara walinitazama. Ng'ombe ndio maisha yao yote. Mtu wa kule akipelekwa mjini bila mifugo amekwisha. Nilihisi macho yao mgongoni na nikawa na uchungu, kwa sababu hawakunilaumu hata kwa neno moja.

Asubuhi nikamwambia Habiba ukweli. Sikuwa na mwingine wa kumwambia. Alikuwa anachochea moto, akaacha.

"Hiyo mtu iko na kijiti?" akauliza.

"Anacho. Anajisugua nacho kisogoni."

"Bega yake?"

"La kushoto limeshuka."

Chai ikachemka ikamwagika motoni. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba kwao wamesikia tangu utotoni habari ya qori ismaris, mtu anayejisugua kijiti giza likiingia akawa fisi, na alfajiri akajisugua tena akawa mtu. "Lakini hiyo ni fisi," akasema. "Ya simba sijasikia. Labda mtu akikaa msituni sana, akakosa njia ya kurudi." Halafu akasema jioni tutakwenda wote, na yeye ataangalia kwenye hiyo kioo.

Nilikataa. Nikamwambia ni hatari, nikamwambia koplo hatakubali. Akaniambia, "Walaal, wewe ni mgeni. Hiyo maji ni yetu." Walaal ni ndugu. Nikakubali.

Jioni ile nilizilegeza zile skrubu kabla hatujalala ukingoni, darubini ikatoka, nikampa mkononi. Mimi nikabaki na bunduki na alama zake za chuma za kulengea. Tulilala bega kwa bega, yeye amejifunika shungi lake jeusi. Nyuma yetu ng'ombe walikuwa wamenusa maji na wafugaji walishindwa kuwazuia, wanasukumana na kulia. Simba akatoka mikomani.

Habiba akaweka kioo jichoni. Akatazama. Simba akashuka, akainama, akaanza kunywa. Nilinong'ona, "Ni nani?" Nikamwuliza tena. Niliona kidole chake kikizungusha ule mviringo wa mbele wa kioo kama anayetafuta kuona vizuri zaidi. Simba akainua kichwa na kutazama upande wetu. Hakunguruma wala hakukimbia. Alisimama tu, maji yanamdondoka kidevuni.

Habiba akashusha kioo akakiweka mchangani.

"Ni simba," akasema. "Simba tu. Biga."

Nikapiga. Akaanguka pale pale, miguu ya mbele ndani ya maji. Wanajeshi waliokuwa nyuma wakapuliza filimbi kutangaza njia ya mto iko wazi, ng'ombe wakapita pembeni yetu kama mafuriko, na watu wakashuka nyuma yao wakiimba. Kila mtu alinipa mkono. Nilikimbia hadi kwenye maiti. Simba. Nilimgeuza, nikampapasa shingo, nikachunguza makucha na meno. Simba mzee mwenye bega lililovunjika zamani. Nikatafuta kijiti majini na kwenye matope hadi filimbi ya kafyu ilipolia, na sikupata hata kibanzi. Ningepata hata kipande ningejua, na ningekuwa na raha ya kujua.

Asubuhi msafara ulikuwa unaondoka mapema. Nikaenda kumuaga Habiba. Nje ya kibanda wanawake walikuwa wamekaa, na mmoja akanizuia kwa mkono mlangoni. Ndani, kwenye giza, nilimwona Habiba amekaa chini ameegemea nguzo. Shungi jeusi halikuwapo. Alikuwa amefunikwa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni.

Kama hujakaa na Wasomali hutaelewa. Nguo nyeupe vile mwanamke hukaa nayo ndani kwa sababu moja tu: ameingia eda, amefiwa na mume. Nikamwuliza koplo kama habari za Dagane zimefika usiku. Akashangaa. Hakuna gari lililoingia, hakuna redio iliyosema kitu, na katika vitabu vyake Dagane alikuwa bado anatafutwa.

Habiba akanisikia. Akauliza kutoka ndani, sauti yake kavu.

"Fundi, maji imefunguliwa?"

"Imefunguliwa, mama. Ng'ombe wote wamekunywa."

"Alhamdulillahi. Basi enda. Hujakosa kitu."

Nimekaa na maneno hayo hadi leo, na mpaka leo yananiudhi kuliko tusi. Aliona nini? Kama aliona simba, ile nyeupe ya nini? Na kama aliona alichoona, aliwezaje kusema lile neno "biga", tena kwa sauti isiyotetemeka, ili mifugo ya watu wengine inywe maji? Na kwa nini awe yeye wa kuambiwa aamue? Bwana Nyama aliipata ngozi ya simba, akaitandaza ofisini. Koplo aliandikiwa sifa. Nilifanya kazi ya bunduki miaka mingi baadaye, nikafunga darubini za kila namna kwa wawindaji wenye fedha, lakini mwenyewe sijaweka jicho kwenye kioo tena. Nilikuwa namwita mwenye bunduki ajaribu, mimi natazama debe.

Kwa hiyo wewe unayewinda, nakuomba kitu kimoja. Funga darubini yako vizuri, iwe imekaza, iwe imenyooka. Lakini siku itakapokuonyesha mtu mahali ambapo macho yako yanaona mnyama, usimpe mwenyeji akutazamie. Anaweza kumjua.