Chupa ya Ukwaju Nyuma ya Pazia

Mnivumilie mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Shule niliiacha nilipomaliza msingi, na hadi leo kalamu mkononi mwangu hupanda mstari kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji. Lakini harufu haihitaji shule. Mvua za mwezi wa kumi na moja zinapoanza hapa Durban, joto likiwa bado limekaa ukutani, mimi husikia ukwaju uliolowekwa, bizari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta, na majani ya kari yaliyopondwa mkononi, hata kama hakuna anayepika. Ni harufu ya chumba chetu cha Albert Park, ghorofa ya tisa. Tulikigawa kwa pazia la maua. Mbele palikuwa na kochi na jiko la umeme, nyuma kitanda nilicholala na mama. Nilikuwa na miaka kumi.

Mama alitoka Uvira, Kongo, nikiwa mtoto wa mgongoni. Mwaka ule nilipokuwa na kumi, alikuwa akiosha glasi katika baa moja ya mtaa wa Point, ya Mhindi tuliyemwita Anko Siva. Anko alitaka kuuza vinywaji vya pombe vya msimu wa mvua, kila kimoja kikiwa na ladha ya upande mmoja wa India, kama bibi yake alivyomsimulia. Alichanganya mwenyewe, wateja wakaacha glasi nusu. Siku moja mama, akiwa na kitambaa mkononi, alimwambia kwamba ukwaju wake unagombana na sukari nyeupe, atafute sukari guru, na bizari ipite kwanza kwenye moto. Tangu siku hiyo Anko akamtoa kwenye sinki, akampa kazi ya kuchanganya. Kinywaji cha kaskazini mama alikitengeneza kwa embe bichi lililochomwa na chumvi nyeusi, cha magharibi kwa tunda jekundu kali lililokaushwa, na cha kusini, alichokipenda kuliko vyote, kwa ukwaju, tangawizi, pilipili manga na majani ya kari. Ila mama alikuwa ameokoka. Siku ya ubatizo aliapa kwamba pombe haitagusa ulimi wake, na hakuonja hata tone. Alidondosha kidogo nyuma ya kiganja, akasubiri kikauke, kisha akanusa. Anko alimcheka, "Mama, wewe ni mpishi asiyeonja chumvi." Mama akamjibu, "Anko, nilibatizwa ulimi. Pua ilibaki nje."

Kanisani hakulisema jambo hilo. Walijua anaosha vyombo, basi. Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa kukodi juu ya maduka ya simu, na humo mama alikuwa mtu. Barabarani alikuwa mgeni wa kuambiwa arudi kwao, na kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi alikuwa namba, lakini Jumapili alipofungua mdomo, hata watoto waliokuwa wakilia walinyamaza. Kina mama walikuwa wanataka kumfanya kiongozi wa kwaya. Desturi yao ilikuwa kwenda kwanza nyumbani kwa mtu, kuomba naye na kuona anavyoishi. Walisema watakuja Jumamosi. Wiki hiyohiyo chupa kubwa ya kile kinywaji cha kusini ilikuwa kwetu, kwa sababu viungo vikilowekwa ndani ya pombe vinatakiwa kunuswa kila asubuhi, pua ikiwa bado haijachoka, ili ijulikane siku ya kuchuja. Mama aliiweka chini ya kitanda. Alipomimina ndani yake ile pombe nyeupe ya miwa nilikuwa nimelala mchana na homa, naye akadhani nina usingizi. Sikuwa na usingizi. Niliona yote.

Jumamosi mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Teksi ya mama ilikwama kwenye maji, kina mama wanne wakafika kabla yake, wamelowa, wanacheka, viatu mkononi. Niliwapa jus ya ukwaju isiyo na pombe, aliyoiacha mama kwenye jagi. Wakaimaliza mara moja. Mama Mapendo, mkubwa wao, akaenda nyuma ya pazia kutundika kitenge chake kilicholowa, akaiona chupa chini ya kitanda, nikasikia, "Eh! Riziki! Na hii munaificha? Mama yako anatunyima jus?"

"Ndiyo maana anaimba vizuri," mwingine akasema. "Analainisha koo peke yake."

"Leta glasi, mwanangu. Chupa yote hii, si iko mingi?"

Nilisimama katikati ya chumba. Nililelewa kwamba neno la mkubwa halirudishwi, na kusema "pombe" mbele ya mama wa kanisa niliona ni dhambi nzito kuliko pombe yenyewe. Tangu utoto, nikiwa mbele ya watu, maneno hunikauka. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaleta glasi. Sukari guru ilificha ukali, na kilichobaki wakasingizia pilipili manga. "Inapasha tumbo," alisema Mama Mapendo. "Kwa mvua hii ni dawa kabisa." Wakaongeza. Wakaimba. Aliyekuwa mdogo wao aliangusha Biblia, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wenzake wakamcheka yeye. Nakiri kwamba chumba chetu hakikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Mama alifungua mlango, akasimama hapohapo. Niliona pua yake ikijua kabla ya macho. Angeweza kunyamaza. Wangeenda nyumbani wameridhika, wangelala, na Jumapili wangemchagua. Aliweka mfuko chini, akasema, "Mama zangu, musinywe tena. Iko pombe ndani. Ni kazi yangu ninayofanya kule Point."

Mama Mapendo aliitazama glasi yake, ya tatu, akaiweka chini taratibu. "Unatunywesha pombe, Mama Riziki? Sisi?"

"Mtoto hakujua," mama alisema. "Mimi ndiye sikumwambia." Akanitazama. Nikainamisha kichwa, nao wakadhani nimekubali.

Kesho yake mama alisimama mbele ya kanisa zima akarudia maneno yaleyale, mtoto hakujua, nami nikiwa benchi la tatu nikihesabu misumari ya sakafuni. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote, kilikaa tu. Mama alitolewa kwenye kwaya mpaka aache kazi ile. Akaiacha. Anko Siva akapata kijana mwenye kuonja, vinywaji vikaendelea. Kwaya haikumwita tena. Salamu za kina mama zikawa za kwenye ngazi, za kupishana, na hakuna aliyepanda tena hadi ghorofa ya tisa.

Sasa nina miaka ishirini na mmoja. Chumba ni kilekile, pazia ni jingine. Mama anasafisha nyumba Morningside, anarudi na miguu iliyovimba, na haimbi hata akifua. Mvua ikinyesha zamani tuligongewa mlango. Siku hizi ikinyesha tunasogeza ndoo chini ya dirisha, kila mtu na simu yake. Ninapita Point mara mojamoja, nasikia ile harufu ikitoka kwenye baa, na najua kwamba bizari yao haijapita kwenye moto. Jirani mpya akihamia, mama humsimulia habari ile, tena kwa kicheko, na kila mara huimaliza hivyohivyo: "Lakini mtoto wangu hakujua, huyu hana doa." Katika yote aliyopoteza, hilo ndilo alilobaki nalo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nafahamu. Lakini nikimwambia ukweli nitamnyang'anya hata hilo, na nisipomwambia nitaendelea kulisikia kila jirani anapohamia.

Kwa hiyo nawaomba mniandikie. Kama umewahi kumwambia mzazi wako neno lililochelewa miaka kumi na moja, niambie ulianzaje, na yeye alifanya nini baadaye. Nitasoma kila barua, hata ikiwa ndefu. Msiniandikie tu kwamba nilikuwa mtoto. Hilo mama ameshalisema.