Dobi wa Mandewa na Shati la Fundi Simeoni

Saa moja asubuhi, upepo wa Singida umeshaanza kuzichapa shuka kwenye kamba. Theodora Mughwai anasimama katikati ya shuka hizo, haonekani ila miguu. Kila shati analotaka kulitundika analigeuza kwanza, anatazama ndani ya kola, kisha anatulia kidogo kama mtu anayesikiliza.

"Siwezi kutundika nguo kabla sijajua ni ya nani," anasema. "Zamani ilikuwa kazi. Siku hizi ni hofu."

Theodora, mjane mwenye umri wa miaka 41, ni dobi wa nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara hapa Mandewa. Kila siku anachota ndoo kumi na nane kisimani, kwa kuwa maji ya ziwa yana chumvi na sabuni haitoi povu. Vidole vyake vimechanika kwa magadi.

Kwenye rafu, pembeni ya pasi ya mkaa, kuna kitu ambacho hukitegemei kwa dobi: vitabu ishirini na vitatu, vyote vya mauaji na upelelezi. Wageni huviacha chini ya vitanda wakaondoka. Alijifunza kusoma misheni, na Kiingereza alikiokota kidogo kidogo kwa kamusi iliyopotea jalada.

Waandishi anaowapenda ni wawili. Wa kwanza ni Mwingereza aitwaye Hallowby. Wa pili ni Idi Mwekambi, ambaye hadithi zake hutoka katika gazeti la kila mwezi.

"Hallowby anakufundisha kutazama," anasema. "Mwekambi anakufundisha kuogopa. Mimi nilivihitaji vyote viwili siku moja."

Siku hiyo ilikuwa Februari ya mwaka jana, 1953.

Miezi minane kabla yake, Simeoni, fundi cherehani aliyezunguka vijijini akitengeneza mashine za watu, alilala katika nyumba hiyo. Asubuhi alichukua mashati yake kwa Theodora, akaaga kwamba anarudi kwake Mungaa. Hakufika. Mkewe, Rahabu, alingoja wiki tatu, kisha akaja Mandewa kwa miguu kuuliza. Watu wakamwambia ni simba. Huku kwetu, tangu miaka ile ya wauaji waliovaa ngozi za simba, neno hilo likitajwa mazungumzo huisha.

Kisha, Februari hiyo, akaja mgeni aliyejiandikisha kwa jina la Melkiori, mnunuzi wa asali na nta. Alikuwa mpole, mwenye salamu nzuri. Alimpa Theodora mashati manne.

La tatu alipoligeuza, aliona ndani ya kola nyuzi mbili nyekundu zilizokatana, na nukta moja ya buluu. Dobi hushona alama kwenye nguo ya kila mteja ili zisichanganyike, na alama hiyo aliishona yeye mwenyewe. Ilikuwa ya Simeoni.

"Nilisikia baridi mgongoni, na jua lilikuwa linawaka," anakumbuka. "Nilipoinua macho, yule mgeni alikuwa amesimama dirishani. Sijui alisimama tangu saa ngapi."

"Mama, mbona umenyamaza?" Melkiori aliuliza.

"Kuna doa, bwana. Haliwezi kutoka leo."

"Doa gani?"

"La jasho. Nikililoweka, kesho utalipata."

"Jasho," Melkiori alirudia taratibu, kisha akacheka peke yake.

Theodora aliendelea kusugua. Katika vitabu vya Hallowby alikuwa amesoma kwamba mwenye hatia huitazama mikono ya anayemshuku, basi akaipa mikono yake kazi. Mgeni alipoingia ndani kunywa chai, alilitia shati lile ndani ya kapu, akalifunika kwa taulo, akajitwika na kushika njia ya kituo cha polisi.

"Maji yalinidondokea shingoni njia nzima. Nikahisi kama mtu ananipumulia. Sikugeuka hata mara moja."

Kituoni, askari mmoja alicheka. "Mama, hizi si zile hadithi zako?"

Sajenti Anselm hakucheka, lakini naye alisita. "Una hakika gani? Nyuzi ni nyuzi."

"Mke wako huniletea mashati yako," Theodora alimjibu. "Hilo ulilovaa lina nyuzi tatu za kijani, na ya katikati imekatika. Geuza kola."

Sajenti aligeuza kola. Akachukua kofia yake.

Walimkuta Melkiori mezani, kikombe mkononi. Hakuuliza amekosa nini. Alimtazama Theodora akasema, "Limekauka?"

Siku ya pili aliwapeleka polisi kwenye majabali yaliyo kando ya njia ya Mungaa. Katika ufa, chini ya mawe yaliyopangwa kwa mkono, palikuwa na mfuko wa bisibisi na mifupa ya Simeoni. Fundi na Melkiori walikuwa wamefuatana njiani, wakala pamoja, na fundi alipolala mchana kivulini, mwenzake alimwua kwa ajili ya fedha za kazi na mashati. Mahakama ilimhukumu kifo.

Baada ya hapo Theodora hakusoma kwa miezi mitatu. Upepo ukijaza mashati kwenye kamba, aliona vifua vya watu. Hata sasa hatundiki mashati mawili yakitazamana.

Alipovirudia vitabu, mmoja kati ya waandishi wake wawili alikuwa amemtoka moyoni.

"Kwa Hallowby mtu anakufa ukurasa wa pili, watu wanaendelea na chai," anasema. "Namtafuta mkewe mpaka mwisho, simwoni. Kwa Mwekambi angalau kuna matanga."

Rahabu alizika mifupa ya mumewe Mungaa. Tangu hapo wanawake hao wawili wamekuwa ndugu, na kila mwezi mmoja humtembelea mwenzake.

Sasa Theodora amenunua daftari, na jioni huandika hadithi ya fundi cherehani. Anataka kuipeleka gazetini kabla ya mavuno. Ninapomwuliza imefika wapi, anafuta mikono kwenye kanga na kutikisa kichwa.

"Nimeandika kurasa nne, lakini Simeoni bado amesimama tu," anasema. "Mimi nilimjua siku moja. Jumapili naenda Mungaa, Rahabu anionyeshe alivyokuwa akitembea."