Tembo Amebomoa Jiko Langu na Mwanangu Hajui

Tembo amebomoa ukuta wa jiko langu mchana kweupe, nimeukandika upya kwa mikono yangu, na mwanangu hajui mpaka sasa ninapoandika.

Asalaam aleikum wapendwa, na ndugu zangu Wakristo Bwana asifiwe. Nimeanza bila salamu kwa sababu ya hofu, mnisamehe. Admin, jina langu lifiche. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi huku Mkange upande wa kuelekea Saadani. Shule niliishia la saba, lakini binti yangu nimemsomesha kwa ufuta mpaka chuo cha utalii, na nasema bila aibu, huku kwetu hakuna mtoto kama yule. Anaongea Kiingereza mpaka Wazungu wanamuuliza kama alikulia kwao. Na adabu yake ile ile, akiniona tu, shikamoo mama, na ndoo kichwani ananipokea.

Mwaka jana aliacha kazi ya hoteli Dar akarudi nyumbani. Akasema, "Mama, shamba la baba linapakana na pori. Watu wanatoka mbali kuja kuona vitu ambavyo sisi tunavifukuza." Akafyeka njia za kutembea kuangalia ndege na mbega, akajenga bafu la makuti, akasimamisha mahema matano. Mimi kazi yangu ni kupika. Pilau langu mnalisikia tu, ngojeni mlile.

Sasa, huku kwetu kila mwenye shamba anazungushia kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili kichaa, na tembo akisogea tunagonga madebe. Ndivyo tulivyoishi nao miaka yote. Binti yangu akazifungua zile kamba upande wetu. "Mama, mgeni hatoki kwao akaja kunusa oili chafu. Na madebe yapumzike, tembo ndio mali yetu." Mimi nikafurahi, nikamtangaza kijiji kizima. Jirani yangu Bi Tatu, ambaye mahindi yake yanapakana na mahema, akaniuliza, "Kwa hiyo akija kwangu nimwambie hoteli iko jirani?" Tukacheka. Nikamwambia, "Wivu tu huo, mwenzangu."

Wiki iliyopita binti yangu alikwenda Dar kuchukua magodoro na vyandarua. Nimetoka kuswali alasiri, nasikia matawi yanavunjika. Dume moja kubwa, pembe moja imekatika nusu, anakuja taratibu kama mwenye nyumba. Nilijibanza nyuma ya simtanki la maji. Alikuja mpaka jikoni, akaweka paji la uso ukutani, akasukuma mara moja tu. Udongo ukamwagika. Akaingiza mkonga akatoa gunia la mahindi, akala, chumvi akailamba yote. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia tumbo lake likinguruma. Nilitaka kugonga debe, nikahofia atanigeukia.

Kilichonitisha si jiko, jamani. Alipomaliza alikwenda kwenye mahema. Alipita katikati ya kamba za kufungia mahema asikanyage hata moja, akasimama kwenye hema la kwanza, akaligusa na mkonga juu, ubavuni, mlangoni, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kisha akaondoka. Ukuta wa udongo na fito ameusukuma mara moja. Hema ni kitambaa.

Bi Tatu aliona yote kutoka kwake. Akaja, akanikuta nakanyaga udongo wa kukandikia. Akasema, "Mwanao kasoma, sawa, lakini tembo hakusoma naye. Mwambie." Nikamjibu nitamwambia. Binti yangu aliporudi akakuta ukuta bado mbichi, akanikumbatia. "Mama umeremba jiko kwa ajili ya wageni?" Nikasema ndiyo. Akaupiga picha akaurusha mtandaoni. Watu wameusifia mno ule ukuta.

Na yule tembo anaendelea kuja. Kila alfajiri nakuta nyayo zake uani, pana kama ungo, nazifagia kabla mtoto hajaamka. Yeye anasema, "Mama, usafi wako umezidi." Na analala kwenye lile hema la kwanza, eti analijaribu kabla ya wageni. Amepanga kila hema liwe na kikapu cha maembe na ndizi mbivu. Na embe bivu tembo hulinusa toka mbali.

Mtaniuliza kwa nini sisemi. Kuna shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyetaka shamba liuzwe. Kila tukionana anasema, "Shemeji, hoteli yenu ya nyani ikifa mniite." Yeye naye nimemwalika, kwa majivuno yangu, aje aone. Nikisema sasa, binti yangu namjua, atawazuia wageni wake wa kwanza, na wanakuja kwa sifa zake tu, hana jina bado. Nikizirudisha kamba kimyakimya ataziona, ataniuliza, na mimi kumdanganya mara ya pili siwezi. Nikinyamaza, nitakuwa nimepika pilau la watu ambao sijui wataamkaje.

Leo asubuhi nimekuta turubai la hema lile limelowa mate. Yeye alikuwa ndani, amelala, mkono uko nje ya chandarua kama alivyokuwa analala akiwa mdogo.

Wenzangu mliolea, niambieni ungekuwa wewe ungeanzaje kumwambia, na ungemwambia lini. Msichelewe kunijibu. Wageni wa mahema, dada zangu niliowaalika kutoka Kaole, na shemeji na wanawe, wote wanafika Jumamosi.