Soda Ileile kwenye Runinga

Juzi, kwenye kipaimara cha mpwa wangu, mhudumu alifungua soda karibu na sikio langu. Harufu ya gesi na sukari ikanipanda puani, na ghafla nikawa sebuleni kwa majirani zetu Wahindi, kule Kinondoni nilikokulia, nimekaa kwenye kochi miguu haifiki sakafuni.

Mama alikuwa amenituma kurudisha bakuli lao. Bibi wa nyumba ile hakuwahi kuniacha niondoke bila kutia kitu mdomoni. Akanifungulia soda ya baridi, chupa inatoka jasho. Mumewe alikuwa anaangalia taarifa ya habari.

"Shikamoo, babu."

Akaongeza sauti. Kwenye runinga kulikuwa na nyumba zilizobomolewa, katika nchi walikokuwa na ndugu zao, na juu ya kifaru askari wa kigeni wamekaa wanacheka, kila mmoja na kopo mkononi. Nikaangalia makopo. Nikaangalia chupa yangu. Maandishi yaleyale, rangi ileile! Nikadhani wameniona.

"Jeshi lao haliendi popote bila hii soda," babu alisema. "Siku wakiondoka wataondoka na vifaru vyao. Hii itabaki madukani, na watoto watakaosalia wataililia."

Bibi akanyoosha mkono kuelekea chupa yangu, halafu akaurudisha. Kwao, kama kwetu, mgeni hanyang'anywi kinywaji.

"Kunywa, mwanangu," alisema, machozi yanamtoka.

Nikanywa mpaka tone la mwisho, macho kwenye kifaru. Ilikuwa tamu vilevile.