Kiwiko Kilichoshinda Mechi

Jumamosi, katika uwanja mmoja pale Gatitu, wasichana wa vyuo viwili walicheza mpira wa kikapu. Mfungaji hodari wa wageni aliporuka, msichana wa timu ya nyumbani alimpiga kiwiko cha mbavu. Akaangukia goti, nasi watazamaji tukalisikia likialika. Mashabiki walishangilia.

Aliyempiga akachutama na kumshika mkono. "Pole, dada. Kocha wetu alisema nikusimamishe, ati hata kwa nguvu."

"Basi nimesimama," mwenzake akajibu huku akilia. "Enda umwambie."

"Wewe, rudi ucheze!" kocha akafoka.

Hakurudi. Alisaidia kumbeba majeruhi hadi kwenye gari, wakaondoka pamoja.

Timu yake ilishinda. Baadaye kocha alinieleza, akitabasamu, kwamba msichana yule hana moyo wa mchezo.